Kemo ya saratani ya mapafu: je, utapigwa nusu kaputi?

Mjomba wangu alifika hospitalini siku ya kemo yake ya kwanza akiwa hajatia kitu tumboni tangu saa mbili usiku wa jana yake. Hata maji hakunywa. Jirani mmoja aliyewahi kupasuliwa ngiri alimwambia kuwa dawa kali kama ile haiingizwi mwilini mtu akiwa macho, ni lazima apigwe nusu kaputi, na anayepigwa nusu kaputi haruhusiwi kula. Kufika saa nne asubuhi midomo ilikuwa imemkauka na mikono inamtetemeka. Muuguzi aliyekuwa akitafuta mshipa wa kuweka kanula alimchoma mara tatu bila kuupata.

"Baba, umekunywa chai leo?" akamuuliza.

"Sijala wala sijanywa, mwanangu. Nimejitayarisha kulazwa usingizi."

Hakuna mhudumu aliyekuwa amemkataza kula. Lakini pia hakuna aliyekuwa amemwambia ale. Tukamtafutia uji na maandazi, tukakaa naye kama saa nzima, akanywa na chupa ya maji. Mshipa ukajitokeza, kanula ikaingia mara moja.

Nianze basi na jibu, maana swali hili huwakosesha watu usingizi usiku wa kuamkia tiba. Hapana. Tibakemia ya saratani ya mapafu, hiyo tunayoiita kemo, haihitaji nusu kaputi, wala ganzi ya mgongo, wala sindano ya kukulaza. Utakaa kwenye kiti au utajilaza kitandani ukiwa macho. Utaongea, utasali, utapokea simu, utakwenda msalani ukiikokota stendi ya dripu. Kinachochoma ni sindano ya kanula, na uchungu wake haupishani sana na ule wa kutolewa damu ya vipimo. Jioni ya kabla ya kemo kula chakula chako, asubuhi kunywa chai na maji ya kutosha, isipokuwa daktari wako mwenyewe amekwambia ufunge kwa ajili ya kipimo fulani. Neno la jirani halitoshi.

Nalisisitiza hili la kula kwa sababu wagonjwa wengi hawatoki mtaa wa pili. Ukikaa kwenye mabenchi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam, utamkuta aliyetoka Mtwara na aliyetoka Kigoma. Hospitali ya Bugando kule Mwanza nayo hupokea watu wa Kanda ya Ziwa. Mtu aliyesafiri usiku kucha kwa basi, kisha akafunga kwa hofu ya nusu kaputi, anaketi kwenye kiti cha dawa akiwa na njaa, amekaukiwa maji, na mishipa yake imejificha. Hapo tiba imekuwa ngumu hata kabla ya dawa yenyewe.

Maneno yanayotuchanganya

Mtaani tunasema "dawa ya usingizi" tukimaanisha vitu vinne visivyofanana. Kuna nusu kaputi yenyewe, ambapo mtu hajitambui kabisa, hasikii kisu, na mara nyingi hawezi hata kupumua vizuri peke yake, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hukaa kichwani pake tangu mwanzo hadi mwisho akilinda pumzi na mapigo ya moyo. Kuna ganzi, inayoua maumivu ya sehemu moja tu huku wewe ukiendelea kuongea. Aliyewahi kung'olewa jino anaijua. Kuna dawa ya kutuliza, inayokufanya usinzie na usijali sana kinachoendelea, lakini ukiitwa jina unaitika. Na kuna dawa za maumivu, kuanzia panadoli mpaka mofini, ambazo kazi yake si kulaza mtu.

Mgonjwa wa saratani ya mapafu anaweza kukutana na zote nne katika safari ya matibabu yake. Kwa hiyo ukiambiwa "tutakupa dawa ya usingizi", uliza ni ipi kati ya hizo, kwa ajili ya kazi gani, na kama unatakiwa kufunga. Si utovu wa adabu. Daktari wa usingizi hupenda mgonjwa anayeuliza kuliko anayekuja na kitumbua mfukoni na kingine tumboni.

Kwa nini kemo haina haja ya kukulaza

Kisu hukata ngozi, nyama na mishipa ya fahamu, na mishipa ya fahamu ndiyo hupiga kelele ya maumivu. Dawa ya kemo haikati kitu. Inaingia kwenye mshipa wa damu tone kwa tone, inasambaa mwili mzima, kisha inazishambulia seli zinazogawanyika kwa kasi. Kazi hiyo hufanyika kimya kwa saa na siku kadhaa. Saratani hufa kimya, na kwa bahati mbaya seli zenye afya za mizizi ya nywele, za mdomo, za utumbo na za uboho huumia pia kimya. Ndiyo maana madhara ya kemo hujitokeza baadaye, wengi wakiwa wameshafika nyumbani. Kichefuchefu kinaweza kuanza jioni hiyo au siku ya pili, vidonda mdomoni na kushuka kwa chembe nyeupe za damu huja baada ya siku kadhaa, na nywele huanza kudondoka baada ya wiki mbili au tatu. Hata kama ungelazwa kwa nusu kaputi saa zote za dripu, ungeamka na kuyakuta yote yanakusubiri.

Tena nusu kaputi si kitu cha kupewa mtu bila sababu, sembuse mtu ambaye mapafu yake ndiyo yanaumwa. Inapunguza nguvu ya kupumua, inahitaji mashine, mtaalamu na chumba maalumu, na mgonjwa akitapika akiwa hajitambui matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Sasa hesabu: kemo ya saratani ya mapafu kwa kawaida hutolewa kwa mizunguko minne hadi sita, kila mzunguko baada ya siku 21 hivi. Kwa ile aina ya seli ndogo, etoposidi mara nyingi hutolewa siku tatu mfululizo katika kila mzunguko. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemlaza mtu mara kumi na mbili au kumi na nane kwa jambo lisilouma.

Lakini hofu yenyewe haikutoka hewani, na sipendi kuwasikia watu wakiibeza. Sisplatini, dawa ya madini ya platini ambayo hadi leo ni mhimili wa kemo ya mapafu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Ondansetroni, dawa iliyoleta mapinduzi katika kuzuia kutapika, ilikuja mwaka 1991. Katika miaka ile ya katikati, watu waliopewa sisplatini walitapika mpaka wakachoka, na katika baadhi ya hospitali za nje walipewa dawa za kutuliza zenye kusinzisha ili wasikumbuke sana yaliyowapata. Simulizi za wakati huo ndizo zinazozunguka mpaka leo kwenye misiba na vibarazani, utadhani hakuna kilichobadilika. Kimebadilika kikubwa. Leo kabla ya sisplatini unapewa ondansetroni au ndugu yake pamoja na deksamethasoni, na vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Vimeze kwa saa ulizoandikiwa hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu kichefuchefu cha sisplatini kina tabia ya kurudi siku ya pili mpaka ya tano, na kukizuia kabla hakijaanza ni rahisi kuliko kukituliza kikishashika.

Siku ya kemo inavyokwenda

Utapimwa uzito na urefu, kwa sababu dozi hukatwa kwa kuzingatia ukubwa wa mwili wako. Damu yako, iliyotolewa siku hiyo au siku moja mbili kabla, itaangaliwa wingi wa chembe na utendaji wa figo. Chembe nyeupe zikiwa chini mno, utarudishwa nyumbani kwa wiki moja. Inaudhi, hasa ukiwa umetoka mbali, lakini kupewa dawa siku hiyo kungekuwa kukuhatarisha.

Kisha kanula. Vaa nguo yenye mikono inayopanda kirahisi, na beba kitenge au sweta, maana dripu ndefu huleta baridi. Wakati unasubiri, weka mkono kwenye maji ya uvuguvugu au uufungue na kuukunja mara kadhaa, mshipa hutoka. Kama unaogopa sana sindano, mwambie muuguzi mapema.

Zinafuata dawa za kutangulia, halafu dawa yenyewe. Muda hutegemea mchanganyiko wako. Pemetreksedi huisha kwa dakika kumi hivi, jemsitabini kwa nusu saa, kaboplatini kwa nusu saa hadi saa moja, paklitakseli mara nyingi huchukua saa tatu. Sisplatini ndiyo inayokula siku nzima, kwa sababu ni lazima figo zako zisafishwe kwa chupa za maji ya chumvi kabla na baada. Utakojoa sana, na ndivyo inavyotakiwa. Usijinyime maji ili kukwepa safari za msalani, na ukiona mkojo haupiti, sema. Wapo pia wagonjwa ambao saratani yao, baada ya kupimwa vinasaba, hutibiwa kwa vidonge vya kumeza nyumbani. Kwao hata dripu haipo.

Na sasa lile linalowapotosha wengi. Miongoni mwa dawa za kutangulia, hasa kabla ya paklitakseli, kuna dawa ya mzio kama klofeniramini, ile tuliyoizoea kwa jina la Piriton, au promethazini. Zinasinzisha. Mgonjwa anafumba macho saa nne, anazinduka saa saba dripu imekwisha, anarudi kijijini na kusema, "Walinilaza." Hakulazwa. Alisinzia kama mtu aliyemeza dawa ya mafua. Usingizi huo ni halali yako, lakini usipande bodaboda peke yako ukitoka hapo. Nimemwona abiria akilala mgongoni mwa dereva. Njoo na mtu, mpande daladala au gari mkae pamoja, na usiendeshe chombo chochote mpaka kesho yake.

Deksamethasoni kwa upande wake hufanya kinyume: usiku ule unaweza kukodoa macho mpaka alfajiri. Ikisukumwa haraka kwenye mshipa pia huleta mwasho au mchomo wa ghafla sehemu za siri, unaodumu kwa muda mfupi tu. Watu wazima hushtuka na kuona haya kusema. Mficha uchi hazai; mwambie muuguzi, ataisukuma polepole zaidi.

Kuwa macho ni sehemu ya tiba

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu ndipo penye uzito kuliko pote. Tunadhani kulazwa ni huruma na kuachwa macho ni kutojaliwa. Kwenye chumba cha kemo mambo ni kinyume. Wewe uliye macho ndiye mtambo wa kwanza wa kugundua hatari. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na dripu nyingi za kuangalia kwa wakati mmoja, na yapo mambo mawili ambayo mgonjwa huyajua kabla ya mtu mwingine yeyote.

La kwanza ni dawa kuvuja nje ya mshipa. Kanula inaweza kuteleza, dawa ikaanza kuingia kwenye nyama badala ya damu. Vinorelbini ni mbaya sana kwa hili: ikimwagika chini ya ngozi inaweza kuchoma mpaka ngozi ikafa na kuacha kidonda cha miezi. Dalili yake ya mwanzo ni wewe kuhisi pilipili, moto, au kubanwa mahali kanula ilipo, kisha uvimbe. Baadhi ya dawa, kama jemsitabini, zinaweza kuunguza mshipa kidogo hata zikiwa mahali pake, na muuguzi atakuwekea kitambaa cha uvuguvugu au kupunguza kasi. Lakini tofauti hiyo si yako kuiamua. Tumelelewa kuambiwa mvumilivu hula mbivu, na wanaume wetu hasa hukaa kimya huku mkono unawaka, wakidhani ndivyo kemo ilivyo. Uvumilivu huo hauna thawabu. Maumivu yoyote mapya mkononi wakati dawa inapita, ita. Dripu itasimamishwa, kanula itakaguliwa. Ikiwa hakuna tatizo, umepoteza dakika mbili.

La pili ni mwili kuikataa dawa. Paklitakseli na dositakseli zina sifa hii, na kwa paklitakseli mara nyingi hutokea katika dakika za mwanzo za mzunguko wa kwanza au wa pili. Kaboplatini inaweza kufanya hivyo baadaye, baada ya mizunguko mingi uliyoipokea bila tatizo. Unahisi uso umepata joto, ngozi inawasha, kifua kinabana, koo linaziba, mgongo wa chini unauma ghafla, au unajawa na hofu usiyoielewa. Mjomba alilipata hili kwenye mzunguko wa pili. Dripu ya paklitakseli ilikuwa na dakika chache tu tangu ifunguliwe. Aliniangalia akasema, "Mpwa wangu, mgongo," na uso ulikuwa umebadilika rangi. Muuguzi alifunga dripu papo hapo, akampa oksijeni na sindano mbili, na baada ya nusu saa alikuwa ametulia. Daktari alipomkagua waliifungua tena kwa kasi ya chini sana, na akaimaliza. Kama angekuwa kwenye nusu kaputi, asingesema lile neno moja.

Ndiyo maana wanaotumia paklitakseli wakati mwingine hupewa vidonge vya deksamethasoni vya kumeza nyumbani usiku na alfajiri kabla ya tiba. Ukisahau kuvimeza, usifiche. Mwambie muuguzi kabla dripu haijafunguliwa, watakupa kwa mshipa.

Kuna mtu atasema: naogopa mno, sitaweza kukaa macho nikiiangalia ile chupa. Hofu ya namna hiyo ni ya kweli na ina dawa yake. Daktari anaweza kukuandikia kidonge kidogo cha kutuliza wasiwasi cha kumeza kabla ya tiba. Utakuwa mtulivu na bado utaweza kuita. Omba hilo waziwazi, kwa sababu watu wanaokimbia kemo kwa hofu huwa hawaagi. Wanaacha tu kuja.

Mahali ambapo ganzi na usingizi vinahitajika kweli

Kabla ya kemo kuna kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Wagonjwa wengi wa kwetu walianza kwa kikohozi kilichotibiwa kama kifua kikuu, kwa kuwa kwenye picha ya kifua magonjwa haya mawili hufanana. Kinachokata shauri ni kipande cha uvimbe wenyewe kikiangaliwa kwenye darubini. Kama uvimbe uko karibu na ukuta wa kifua, daktari ataupata kwa sindano ndefu akiongozwa na kipimo cha CT au ultrasaundi. Hapo ngozi huchomwa lignokaini, ganzi ile ile ya jino, na wewe unabaki macho kwa sababu utaambiwa uzuie pumzi kidogo. Kama uko ndani zaidi, hupitishwa kamera nyembamba puani au mdomoni mpaka kwenye njia za hewa. Koo hupuliziwa ganzi chungu kama mwarobaini, na mara nyingi unaongezewa dawa ya kutuliza mshipani. Kwa kipimo hiki unafunga, na baada yake usile wala usinywe mpaka ganzi ya koo iishe na daktari akuruhusu. Koo lenye ganzi haliwezi kuzuia maji yasiende mapafuni.

Maji yakijaa pembeni mwa pafu, hutolewa kwa sindano au mpira ukiwa umeketi umeinamia meza, kwa ganzi ya ngozi tu. Wenye mishipa migumu wanaweza kuwekewa kifaa cha kudumu chini ya ngozi ya kifua ili wasichomwe kila mara. Kuwekwa kwake ni upasuaji mdogo wa ganzi, pengine na dawa ya kutuliza. Kikishakuwepo, kemo zinazofuata ni mchomo mdogo mmoja juu ya ngozi.

Nusu kaputi kamili ina mahali pamoja pakubwa: upasuaji wa kuondoa sehemu ya pafu au pafu zima. Daktari wa usingizi hupitisha mpira wenye njia mbili kwenye koo ili pafu moja lipumue huku lile linalopasuliwa limepumzishwa. Kwa upasuaji huu utafunga chakula angalau saa sita, na maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula. Chai ya maziwa pia. Fuata maelekezo ya hospitali yako hata kama ni makali kuliko haya.

Wengine hupata kemo kabla ya upasuaji ili kuupunguza uvimbe, wengine baada. Kama umeshapata kemo na sasa unakwenda kulazwa usingizi, mpe daktari wa usingizi kadi yako ya kemo: umepewa dawa gani, mara ya mwisho lini. Mwambie kama masikio yanavuma, kama vidole vina ganzi isiyoisha, kama figo zilitetereka, kama unameza deksamethasoni, kama ulivuta sigara, na kama kuna mitishamba unayokunywa. Hilo la mitishamba hufichwa sana, na baadhi hubadilisha uwezo wa damu kuganda.

Mionzi naipita haraka: kwa mtu mzima haiumi wakati inapigwa na haihitaji usingizi. Unalala tuli dakika chache, unainuka.

Maumivu ya nyumbani

Kusema kemo haihitaji nusu kaputi si kusema mgonjwa avumilie maumivu. Paklitakseli inaweza kuleta maumivu ya viungo na misuli siku ya pili mpaka ya nne. Sindano za kupandisha chembe nyeupe huumiza mifupa. Na saratani yenyewe, ikigusa mbavu au ukuta wa kifua, huuma usiku na mchana. Yote haya yana dawa. Lakini usikimbilie duka la dawa kuchukua diklofenaki au ibuprofeni, au kuchomwa sindano ya diklofenaki kwenye zahanati ya mtaani kama tulivyozoea. Ukiwa kwenye sisplatini au pemetreksedi dawa hizo zinaweza kuziumiza figo, na chembe za kugandisha damu zikiwa chini zinaweza kukutoa damu. Piga simu kwanza.

Maumivu makali hutibiwa kwa mofini ya maji, ya kunywa kwa saa. Familia nyingi zikisikia mofini huanza kuulizana nani aitwe kutoka mbali, zikidhani ni dawa ya kuagia. Sivyo. Watu huinywa miezi na miaka huku wakilima na kuuza duka. Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asikose kwa kukosa daktari. Siku za mwanzo utasinzia, kisha mwili huzoea. Kinachobaki ni kufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo unayoandikiwa mofini.

Nunua kipimajoto. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kemo, chembe nyeupe huwa chini kabisa, na homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo si ya kumeza panadoli na kulala. Panadoli itashusha joto na kuficha ugonjwa huku vijidudu vikienea. Nenda hospitali usiku huo huo, na ukifika sema neno hili la kwanza: "Niko kwenye kemo."

Mjomba alimaliza mizunguko sita. Kuanzia wa pili alikuwa akila chapati na maharage asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Wewe pia kula, kunywa maji, njoo na mtu wa kukurudisha, na kaa mahali muuguzi anaweza kukusikia. Mkono ukianza kuwaka, usingoje apite karibu. Mwite.